Rama, nitafutie TV ya chogo

Kaka Rama, vipi, shemeji hajambo, na yule wa mwisho kashaanza kutembea? Mi mzima, ni baridi tu ya Lushoto inanimaliza, hapa nakuandikia nimevaa makoti mawili. Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya mzee Kiluwa, usininunie, simu iliingia maji na namba zote zikaenda nayo, hii yako nimeipata juzi kwa Zuhura baada ya kunisema kama dakika kumi hivi.

Nina shida. Nataka TV ya chogo inayowaka. Usicheke kwanza, najua sa hivi watu wanazitupa na we unazinyofoa shaba tu, ila mi nataka nzima, na kama ipo ile ndogo isiyo ya rangi ndo bora zaidi. Ntakwambia ya nini, ila lazima nianzie mbali maana nimejiaibisha kaka, tena mbele ya kidato cha sita.

Alhamisi Fuso la kuni liligoma kuwaka pale jikoni shuleni. Vijana wakasukuma weee, wapi. Likaja lori lingine kulibusti, zile waya nene mbili, nyekundu na nyeusi, zimelala chini zimeshikana. Sasa kila dereva akipiga stata waya zinashtuka, zinaachana, akiachia zinatulia. Akipiga tena, zinaruka tena. Dereva anasema ni waya feki hizo. Mi nikaona riziki imekuja yenyewe, nikawaambia vijana tazameni, umeme unakwenda na nyekundu unarudi na nyeusi, mikondo inapishana, na mikondo ikipishana waya zinasukumana, ingekuwa inaelekea upande mmoja zingevutana. Nikachukua kijiti nikapiga hesabu mchangani, tuseme stata inakula ampea 400, waya zimeachana sentimita moja, unapata niutoni 3.2 kwa kila mita, yaani kama umeutundikia kila mita ya waya mzigo wa gramu mia tatu na kitu. Ndo maana unaziona kwa macho. Ampea moja moja tu kwa waya zilizoachana mita nzima ni niutoni 0.0000002, hapo hata nzi hashtuki. (Na zile notsi zetu za zamani bado zinawaambia watoto hiyo ndo maana ya ampea, wakati ilibadilishwa 2019, sasa inatokana na chaji ya elektroni. Ila tuyaache hayo.)

Basi nimevimba kichwa pale, anatokea binti mmoja, yule niliyekwambia hakubali kitu mpaka akigeuze chini juu. Anasema mwalimu, mikondo ya upande mmoja inavutana, si ndo elektroni zinakimbia pamoja? Na elektroni kwa elektroni si zinafukuzana? Sasa mbili zikikimbia sambamba zenyewe, hakuna waya, zinavutana au zinafukuzana?

Mi bila kufikiri, zinavutana! Na kwa sauti. Wote wakaandika.

Nikashtuka saa nane usiku. Nimekosea. Rama, nimefundisha mada hii miaka kumi na moja na sijawahi kujiuliza swali la yule mtoto.

Maana angalia, ndani ya waya elektroni haziko peke yake, kila moja ina chaji chanya ya kuifuta pale kwenye shaba, kwa hiyo waya kwa nje haina chaji, kule kufukuzana kote kumezimwa, kinachobaki ni kanguvu ka sumaku. Ni kama nyumba ya harusi, watu wote wakitoka ndo unasikia saa ya ukutani inagonga, kumbe ilikuwa inagonga siku zote. Na elektroni zenyewe wala hazikimbii, waya wa milimita moja ya mraba ukipitisha ampea moja, kwa saa nzima zinasogea sentimita ishirini na kitu, konokono anazipita! Ni wingi wake tu.

Sasa zitoe nje ya waya. Nani atafuta kufukuzana? Hakuna. Mvuto wa sumaku upo kweli, yule binti hajadanganywa hapo, ila ni mdogo, unachukua kasi ya elektroni gawa kwa kasi ya mwanga, unaipa kipeo cha pili, halafu mara kile kisukumo. Kwenye TV ya chogo elektroni zinarushwa kutoka kile kishingo cha nyuma zikagonge kioo, na kwenye ya rangi ile volti 25,000 inazipeleka kama tatu ya kumi ya kasi ya mwanga, kwa hiyo kila ukisukuma 100 sumaku inakurudishia 9 hivi. Zinafukuzana, mwisho. Ili zitoke sare inabidi zifike kasi ya mwanga na hazifiki. Halafu fikiria, ukipanda wewe juu ya elektroni moja ukakimbia nayo, mwenzake unamwona kasimama, hapo sumaku inatoka wapi, unaona kufukuzana tu. Haiwezekani we uone zinaachana mi niliyesimama huku nione zinagongana. Hilo ndo lilinikalisha kitandani mpaka adhana.

Sasa TV. Nikienda kukiri kosa nataka niende na kitu mkononi. Nitasogeza sumaku ubavuni mwa kioo, watasema picha itavutwa kwenye sumaku, haitavutwa, itapanda au itashuka, nikiigeuza sumaku inakwenda kinyume. Nimechoka kuwaona wanapinda vidole vya mkono wa kushoto kwenye mtihani, kutafuta nguvu ya sumaku inaelekea wapi, kama wana kiharusi, bora waone mara moja.

Na ya rangi unajua mwenyewe kwa nini siitaki. Umesahau tulivyopandisha spika juu ya TV ya mzee wako, kona ikawa ya kijani, mtangazaji nusu uso mgonjwa? Fimbo zile hadi leo nazihesabu. Kumbe ni lile bati la matundu nyuma ya kioo ndo lilishika usumaku, na pengine lingepona lenyewe, tungezima tu iache ipoe ndo tuwashe, lile koili linalolia bwuuum lingesafisha kidogo kidogo. Sisi tukawa tunawasha na kuzima haraka haraka kwa woga. Mzee kaiuza bei ya kutupa. Sijui we umeshamwambia, mi siwezi.

Haya, nijibu basi. Unayo au kwa yule Mpemba wa jirani yako itapatikana? Unataka shilingi ngapi, ukinifikiria mimi ni mwalimu? Ukimpa kondakta wa basi la asubuhi itafika salama au kile kishingo cha nyuma kitavunjika, nikufuate mwenyewe? Nikae na sumaku ya spika gani, ile ya inchi nane inatosha? Na deni la Mangi ulishamalizana nae au bado ananitaja? Halafu, yule binti nimwite kwanza pembeni nimwambie, au nisimame tu mbele ya wote? Kipindi ni Jumatatu saa mbili, na leo Jumamosi.

Msalimie shemeji. Nasubiri simu.

Wako, Teacha