Mafunzo ya usafirishaji haramu wa watoto yashuke hadi stendi

Ndugu Mhariri,

Kila nikisoma kwamba maofisa wamepigwa msasa kuhusu usafirishaji haramu wa watoto, huangalia picha ya semina nikitafuta kama kuna konda hata mmoja. Simwoni. Wapo ustawi wa jamii, polisi wa dawati la jinsia na watoto, mahakimu na watu wa uhamiaji, na wanastahili kuwapo. Lakini mpaka mtoto afike mbele ya yeyote kati ya hao, ameshapita kwa mkatisha tiketi, mpiga debe, konda, mama lishe wa pale basi linapochimba dawa, na bodaboda wa kumfikisha kwenye geti la watu Dar es Salaam.

Mimi nakatisha tiketi kwenye stendi moja ya Nyanda za Juu Kusini. Msimu wa mambo haya tunaujua. Mtihani wa darasa la saba ukishafanyika Septemba, hadi shule zinapofunguliwa Januari, wasichana wadogo wanaopanda mabasi ya Dar huwa wengi. Wanakwenda "kusaidia kazi". Wengine wanakwenda kweli kwa ndugu zao. Kulea mtoto wa kaka au wa dada ni desturi yetu, na sitaki mafunzo yatakayomfanya kila shangazi aliyeongozana na mtoto asiyemzaa aonekane mhalifu.

Ila tofauti ipo, na inafundishika. Alikuja mama mmoja akataka siti nne, tatu za watoto. Mfumo wa tiketi mtandao unataka jina la kila abiria. Majina ya watoto wawili hakuwa nayo, akageuka, "Eti wewe unaitwa nani vile?" Namba ya simu ilikuwa moja kwa wote, yake. Mizigo ya watoto ilikuwa mfuko wa rambo kila mmoja, basi. Nilipouliza wanakwenda kwa nani, alijibu yeye kwa niaba yao: "Wazazi wanajua, na wenyewe wamekubali." Nikamwita bosi. Akaniambia mimi si polisi, nihudumie foleni. Gari likaondoka.

Jibu hilo la "wamekubali" ndilo linalotufunga mdomo wengi, na halina nguvu tunayolipa. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, makubaliano ya kimataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu ambayo Tanzania imeyaridhia, inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na akisafirishwa ili akatumikishwe, kukubali kwake si hoja. Hata kuthibitisha kwamba alidanganywa au alitishwa hakuhitajiki. Sisi wenyewe tuna Sheria Namba 6 ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara hii. Kweli, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini kuamka saa kumi alfajiri, kulala saa sita usiku, na mshahara kuambiwa "umetumwa kwa mama yako", huo si wepesi. Sheria hiyohiyo inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Nani amewahi kumweleza konda hivyo?

Somo lenyewe halihitaji wiki. Usigombane na mtu mbele ya abiria. Atashuka na watoto na kudandia Noah. Ongea na mtoto akiwa pembeni, hata anaponunua maji: unakwenda kwa nani, utarudi lini, unaijua namba ya mzazi wako? Kisha piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, au polisi, utaje namba za gari. Kutoka kwetu hadi Dar basi hushinda barabarani, tena linapita Morogoro. Muda wa kulisubiri mbele upo tele.

LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, tayari inathibitisha madereva na kusajili wahudumu wa mabasi, kwa hiyo mlango wa kuingizia somo hili upo. Kigumu ni kumlinda aliyetoa taarifa. Basi likizuiwa kwa muda wa saa mbili kwa sababu ya simu yake, konda atakatwa siku. Akiitwa kutoa ushahidi, nauli anajilipia. Wenzangu niliozungumza nao hawawaogopi hao wanaosafirisha watoto kama wanavyoiogopa mahakama.

Walimu nao wana orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza wasioripoti, na huenda baadhi yao ndio hao waliopanda mabasi. Ifike kwa mtendaji wa kijiji Januari hiyohiyo, isisubiri ukaguzi.

Naiomba Sekretarieti ya Kuzuia na Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ikae na LATRA na wamiliki wa mabasi kabla ya Septemba. Wakubaliane kwanza nani atamlipa konda siku aliyopoteza. Na 116 ichapwe kwenye tiketi. Chini ya maneno ya mizigo kupotea, nafasi ipo.

Mkatisha tiketi,
Nyanda za Juu Kusini