Barua ya malalamiko: karatasi ya vipimo isiyolingana na viatu

Chake Chake, Pemba

Kwa Meneja wa Mauzo,
Waagizaji wa viatu vya michezo,
Unguja.

Assalaam alaykum,

YAH: JOZI 16 ZA VIATU VYA MBIO ZA BARABARANI

Sisi ni walimu wa mbio ndefu. Jozi hizo tulizichagua kwa kufuata karatasi ya vipimo mliyotutumia, na karatasi hiyo ndiyo tunayoilalamikia kuliko viatu vyenyewe.

Imeandika kuwa dropu, yaani tofauti ya kimo cha soli baina ya kisigino na mbele, ni milimita 10. Tumekipasua kiatu kimoja kwa urefu kwa msumeno wa chuma, soli ya ndani ikiwemo, tukapima pale wanapopima World Athletics, shirikisho la riadha la dunia: asilimia 12 ya urefu wa ndani kuanzia kisigino, kisha asilimia 75. Nyuma tumepata milimita 30, mbele 25. Dropu ni 5. Tulipoisogeza rula mpaka karibu na ncha ya vidole, ambako soli imekonda na kupinda juu, tukasoma 20, na hapo bila ya shaka ndipo ilipozaliwa 10 yenu. Kisigino kikishuka, mzigo huhamia kwenye vigimbi na kano ya nyuma ya mguu. Mkimbiaji aliyezoea 10 akivaa 5 ghafla na kupanda vilima vya njia ya Wete, asubuhi yake hukanyaga kwa kuchechemea.

Saizi nayo. Mmeandika "sm 27" mbele ya namba 43. Tumezitoa soli za ndani na kuzipima: hizo ndizo zenye sentimita 27. Kwa kawaida sentimita za lebo ni urefu wa mguu, na kiatu cha mbio huachwa nafasi ya kama sentimita 1 mbele ya kidole kirefu, kwa sababu mguu huvimba na huteleza mbele kwenye mteremko. Mwenye mguu wa 27 akivaa kiatu hicho, kucha zitakuwa nyeusi kabla ya mwezi kwisha. Msitwambie tufuate namba 43 peke yake. 43 ya kiwanda kimoja si lazima iwe sawa na ya kingine.

Uzito, "gramu 240", haukutajiwa saizi. Namba hiyo haina maana.

Zito zaidi ni soli ya kati. Karatasi inasema "sponji laini" tu. Jozi 3 zimemeguka kama boflo kavu, na hazijakimbia hata kilomita 20. Msumeno umetuonesha unga wa manjano unaonata vidoleni, nayo ni dalili ya poliurethani, aina moja ya sponji ya plastiki, iliyoliwa na unyevu. Poliurethani huoza hata ikiwa ndani ya boksi, khasa kwenye ghala lenye joto na hewa ya bahari. EVA, sponji ya aina nyengine itumikayo kwenye soli, haiozi kwa namna hiyo, ingawa jua kali huisinyaza na gundi yake huachia. Mnunuzi wa visiwani anastahiki kujua anauziwa ipi, na imetengenezwa mwezi gani. Lebo za ulimi wa viatu hivi zimekatwa sehemu ya tarehe, jambo ambalo mtatueleza wenyewe.

Tunaomba, ndani ya siku 14: mtubadilishie jozi 3 zilizomeguka na ile tuliyoipasua, mzichukue jozi zinazobana na kutuletea za saizi moja mbele, na mtupe karatasi mpya yenye kimo cha nyuma na cha mbele kila kimoja peke yake, urefu wa mguu kwa sentimita, uzito pamoja na saizi iliyopimwa, aina ya soli ya kati na tarehe ya kutengenezwa.

Vipande vya kiatu tumevihifadhi, mje mvipime kwa rula yenu. Fundi wa gundi msimlete. Soli iliyooza haigandishwi.

Wenu,
Walimu wa mbio ndefu, Chake Chake