Makao ya wazee yapimwe kwa zamu ya usiku

Mhariri,

Familia inayotafuta makao ya kumpeleka mzee wao kwa kawaida huenda mchana. Hutembezwa sebuleni, huonyeshwa vitanda vilivyotandikwa, kisha huuliza ada. Mkaguzi akija mchana naye ataona hayo hayo. Swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: usiku wanabaki wahudumu wangapi, na ni wazee wangapi hawawezi kujigeuza wenyewe kitandani?

Tuchukue makao yenye wazee 20 wa namna hiyo na wahudumu wawili wa usiku. Kumgeuza mzee ipasavyo ni kazi ya watu wawili: wamkague ngozi, wambadilishe nepi iliyolowa, wanyooshe shuka, wampange mito. Hata wakifanya haraka, dakika 10 zitakwisha. Wazee 20 ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20, ilhali ratiba ya ukutani inasema kila mmoja ageuzwe kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya kulalia. Na hapo bado hajatokea aliyetaka msaada wa kwenda chooni, aliyeanguka wala aliyepandwa na homa. Wahudumu hao wawe na moyo kiasi gani, kuna wazee watakaolala upande mmoja kwa muda mrefu kuliko ratiba inavyotaka.

Sasa omba kuona fomu ya kugeuzia ya usiku uliopita. Ukikuta saa nne kamili, saa sita kamili, saa nane kamili, saa kumi kamili, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kwa kila mzee, ujue huenda ilijazwa yote alfajiri. Fomu ya kweli huwa na saa nne na dakika 20, huwa na pengo, huwa na maneno kama "kisigino cha kulia kina joto, mto umewekwa".

Kinachofuata mzee asipogeuzwa kinajulikana. Ngozi ikibanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama huanza kufa. Sehemu za kutazama ni juu ya mfupa wa mkia, visigino, nyonga, viwiko na nyuma ya kichwa. Panapoonekana wekundu, bonyeza kwa kidole kisha uachie. Usipofifia, madhara yameshaanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo hupimwa kwa mkono: sehemu iliyo na joto au baridi kuliko jirani yake, iliyokakamaa, iliyolegea au inayouma. Kupasugua hapo kunaongeza madhara. Mto wa duara wenye tundu katikati, ambao familia nyingi huununua kwa nia njema, nao hudhuru, kwa sababu ukingo wake hubana damu ya kuingia pale palipo wazi. Mzee alazwe ubavu kwa kuinamishwa nyuzi 30 hivi, mito ikimkinga mgongoni, si kulazwa moja kwa moja juu ya nyonga. Visigino vining'inie kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu. Asiburutwe juu ya shuka. Anyanyuliwe kwa shuka ya kugeuzia.

Upungufu wa watu usiku huzaa pia njia za mkato, na hizi ndizo zinazonitia uchungu zaidi.

Ya kwanza ni kuwanyima maji ili nepi zisilowe. Mzee anahitaji vinywaji vya kiasi cha lita 1.6 kwa siku kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume, isipokuwa daktari ameweka kikomo kwa ajili ya moyo au figo. Kupunguza jioni si kosa ikiwa kiasi hicho kilikwisha kunywewa mchana. Kosa ni kukata bila kufidia. Mzee aliyekaukiwa maji mwilini hupata maambukizi ya mkojo, huchanganyikiwa ghafla, kisha huambiwa "ni uzee tu". Kuchanganyikiwa kulikoanza jana au juzi si uzee. Ni dalili ya ugonjwa, na daktari aitwe siku hiyo hiyo.

Ya pili ni dawa za kutuliza. Mzee mwenye demenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anayetembeatembea usiku hupewa kidonge ili alale. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demenshia. Pia huwafanya wayumbe na kuanguka. Kabla ya kidonge, aulizwe kama ana maumivu, choo kigumu, njaa au haja ya kwenda msalani. Mara nyingi sababu hupatikana hapo.

Ya tatu ni kumfunga, au kupandisha vyuma vya kitanda pande zote mbili. Mzee anayetaka choo hatakaa kwa sababu ya chuma. Ataruka juu yake na kuanguka kutoka mahali pa juu zaidi, au atakwama katikati na kukosa pumzi. Kitanda kishushwe hadi chini kabisa, breki za magurudumu zifungwe, taa ndogo iwake hadi chooni, naye apelekwe kabla hajajaribu mwenyewe. Akiamka, aketi ukingoni dakika moja au mbili kabla ya kusimama, kwa kuwa shinikizo la damu hushuka.

Ninaomba mamlaka zinazotoa leseni zipange idadi ya wahudumu wa usiku kwa kuhesabu wazee wasioweza kujigeuza na wanaohitaji watu wawili, badala ya kuhesabu vitanda. Ukaguzi ufanyike saa kumi alfajiri bila taarifa. Mhudumu anayeandika kwamba hakuweza kumgeuza mzee asiadhibiwe, kwani akiadhibiwa leo, kesho ataandika uongo.

Familia nazo zifike siku moja wakati wa kifungua kinywa. Zifunue soksi zitazame visigino, zitazame kama midomo imekauka, ziombe rekodi ya uzito. Mzee aliyepungua asilimia 5 kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi 6, bila kukusudia, anahitaji kupimwa, na makao yaeleze ni nani aliyekuwa akimlisha na kwa muda gani.

Muuguzi wa wazee