Risala ya Klabu ya Sayansi ya Maabara kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Leo, tarehe 31 Mei, tunaomba kukueleza kile ambacho seli hutema zikipigwa na moshi wa sigara.

Seli hutoa viputo vilivyofunikwa na utando wa mafuta, vyenye protini na RNA (molekuli zinazobeba ujumbe wa jeni) za kupelekea seli nyingine. Vile vidogo kabisa, eksosomu, vina kipenyo cha nanomita 30 hadi 150. Hadubini yetu ya darasani haivioni. Mwaka 1967 Peter Wolf aliviita viputo vya aina hii, alivyovikuta kwenye plazma (majimaji ya damu), vumbi la chembe sahani, yaani vumbi la chembe zinazosaidia damu kuganda. Vumbi hilo lina kazi, na kwa mvutaji kazi hiyo huharibika.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Moshi huita mapafuni seli nyeupe ziitwazo nyutrofili, zenye kimeng'enya cha elastezi. Elastezi ikiwa huru, mwili huizima kwa protini ya kinga iitwayo alfa-1 antitripsini. Ikiwa imenasa juu ya eksosomu, kinga hiyo haiifikii vizuri, nayo huendelea kula nyuzi zinazolifanya pafu linywee mtu anapotoa pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulichukua eksosomu za nyutrofili kutoka mapafu ya wagonjwa wenye kuziba sugu kwa njia za hewa, zikawekwa kwa panya. Mapafu ya panya nayo yakaharibika. Kwetu huo ni ushahidi mzito.

Kwenye mishipa, viputo hivi huchochea damu kuganda.

Kuvipima bado ni kazi ya utafiti, na makosa mengi huanzia kwenye sindano. Damu iingie kwenye chupa ya sitreti, si ya heparini (zote mbili huzuia damu kuganda), kwani heparini huvuruga PCR, kipimo cha kunakili vinasaba. Isitikiswe. Izungushwe kwenye sentrifuji, mashine ya kutenganisha damu, kwa 2,500 g (nguvu mara 2,500 ya mvutano wa dunia) dakika 15, plazma ihamishwe bila kugusa tabaka jeupe la seli nyeupe na chembe sahani, kisha izungushwe tena vilevile. Mzunguko wa pili ukirukwa, chembe sahani zilizobaki hupasuka zikigandishwa, nawe utahesabu viputo ambavyo mgonjwa hakuwa navyo. Saa ya sigara ya mwisho iandikwe pia, maana hata sigara moja hupandisha idadi ya viputo.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ili kuhifadhi sampuli hizo za plazma, tunaomba jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri pamoja na jenereta ya akiba. Umeme ukikatika sampuli zikayeyuka, haziaminiki tena hata zikigandishwa upya.

Tunaomba kuwasilisha.