Dada, mama hana mashetani

Shikamoo dada.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe nikikutumia unasoma, unanyamaza. Basi soma pamoja na watu.

Hitima ya baba siisahau. Wageni wako mkekani, pilau haijapakuliwa, mama akaanza wimbo wa dansi wa Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa wa Morogoro Jazz. Beti zote! Gitaa lilipotakiwa kuingia, akaliigiza kwa mdomo. Mtu huyo huyo tangu asubuhi alikuwa ananiuliza mimi mtoto wa nani. Ukamziba mdomo kwa ncha ya kanga, ukamkokota chumbani, ukarudi kuwaambia wageni kuwa mama ana mashetani. Hukusema anaumwa. Mashetani, dada, mbele ya wakwe zako.

Aibu naielewa. Dansi kwenye hitima si jambo dogo. Ungemshika mkono ukamtoa, nisingekuwa na neno.

Lakini mama unamjua. Ujana wake Morogoro ulikuwa wa kushindania bendi, hawa Cuban Marimba, wale Morogoro Jazz. Safari ya Morogoro Jazz kwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, alitusimulia kana kwamba alipanda ndege nao. Nyimbo za umri ule ndizo zinazobaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa sehemu za ubongo zinazotunza nyimbo za zamani ni kati ya zile ambazo ugonjwa wa Alzheimer, huu wa kupoteza kumbukumbu, huchelewa kuziharibu. Na yupo Mwingereza, Clive Wearing, mwanamuziki. Virusi vilimwingia ubongoni mwaka 1985, akawa kitu cha dakika moja iliyopita hakikumbuki, ila ukimkalisha kwenye piano, anapiga. Naye ana mashetani?

Zamu yako ikifika, usimfungulie redio. Matangazo na watangazaji wanaopiga kelele humvuruga. Mwekee wimbo mmoja mmoja, sauti ya chini, kabla ya kumwogesha. Akishaanza kuitikia, hapigani na maji. Akikunja uso, zima, maana zipo nyimbo zinazomliza na hatuwezi kujua zinamkumbusha nini. Magharibi ikiingia atadai kurudi kwao. Usibishane naye, anza kuimba wewe. Unaijua sauti yako, ndiyo inayofanana na yake, mimi napapasa tu.

Njia hii haimponyi. Nalisema hapa watu wote walione, usije ukampelekea shangazi kuwa nimedai inaponya. Wimbo ukiisha anaweza kukuuliza tena wewe ni nani.

Na hiyo spika ninayompigia nyimbo. Habari kwamba nimeinunua kwa hela ya dawa zimenifikia. Niliuza kuku wangu, dada, na risiti za dawa zote ninazo. Nani anaamka naye saa nane za usiku akitafuta viatu vya kwendea dansini? Nepi unazotuma zinatusaidia sana, Mungu akuzidishie, sitalikana hilo. Ila kutuma na kukaa naye ni vitu viwili, na anayekaa naye ndiye anayejua kinachomtuliza.

Wewe ndiye uliyenifundisha kucheza, jikoni, baba akiwa kazini. Leo unaniita mhuni.

Zile kaseti za baba ulizochukua tulipogawana vitu, nazitaka. Najua hata redio ya kuzipigia huna. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitazipokea stendi ya Msamvu. Nauli ya mzigo nitalipa mimi.