Bati la babu yako

Moshi, Jumapili

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Ndizi mshare nimezifunga kwenye gunia, atakuletea yule dereva wa siku zote.

Juzi uliniambia, tena unacheka, kwamba muda wa muhuri wa pasipoti ukikaribia kuisha unakuja mpakani Holili kugonga mwingine kisha unarudi Mombasa jikoni, maana bosi anasema kibali cha kazi "kinashughulikiwa". Mimi sikucheka. Nilipokata simu niliingia chumbani nikashusha bati la babu yako.

Unalijua, lile la biskuti lenye kutu kifunikoni. Babu alikuwa fundi wa reli ya Afrika Mashariki, kituo chake Voi, huko Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, alirudi nyumbani na sanduku moja. Mpaka ulifunguliwa 1983. Mafao yake yakabaki njiani. Kila alipoitwa Dar kwenye uhakiki alilipakata bati hilo safari nzima, hataki liwekwe kwenye keria. Stakabadhi za mshahara za miaka tisa zilikuwamo. Za miaka minne hakuwa nazo, na hiyo minne hawakumhesabia.

Jumuiya ya sasa ina Itifaki ya Soko la Pamoja, ilianza kutumika Julai 1, 2010. Mdogo wako alinisomea kifungu cha 10 kwenye simu: mfanyakazi asibaguliwe kwa uraia wake, na hifadhi ya jamii apate kama mwenyeji. Mwenye mkataba unaozidi siku 90 anatakiwa aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi, nayo mamlaka impe ndani ya siku 30. Ila kila nchi ilitaja kazi inazozifungua, kwa hiyo ulizia kama upishi umo. Wewe una mwaka na nusu hapo. Ama bosi hajaomba, ama hataki uonekane kwenye vitabu vyake. Mimi nashika hilo la pili: asiye na kibali hadai malipo ya saa za ziada.

NSSF ya huko wanakukata? Kama wanakukata, namba yako iko wapi? Siku yako ya mapumziko nenda KUDHEIHA, ndicho chama cha watu wa hoteli, ukawaulize. Bosi usimwambie kwanza.

Mkataba upige picha ukurasa kwa ukurasa, unitumie leo usiku. Nitachapisha pale stendi. Batini nafasi ipo.

Gunia likifika nipigie. Za juu zimeanza kulainika, anza na hizo.

Mama yako