Goti Lililosagika: Ni Wakati Gani wa Kufikiria Upasuaji?

Wengi wanaofika katika kliniki yetu ya mazoezi tiba hapa Tabora huja na picha ya eksirei na swali moja: je, goti likishasagika ni lazima libadilishwe? Picha peke yake haiamui, kwa kuwa wapo ambao gegedu la goti, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limelika sana na bado wanakwenda sokoni kwa miguu, na wapo wenye mabadiliko madogo ambao usiku hawalali kwa maumivu. Sisi huuliza kwanza ni shughuli gani zimekushinda, na ni tiba gani umekwisha kuzifuata kikamilifu.

Hapo pa pili ndipo wengi hukwama. Goti linapouma mtu huacha kulitumia, misuli ya paja hunywea, na goti lisilo na misuli ya kulishikilia huuma zaidi. Kaa kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, simama polepole, kisha keti polepole zaidi. Rudia mara 8 hadi 10. Maumivu kidogo hayana madhara mradi kesho yake yawe yametulia. Zoezi hili, pamoja na mengine tunayompangia kila mtu kwa hali yake, lahitaji takriban miezi 3 ya uvumilivu, ilhali wengi huliacha mapema wakasema halisaidii. Kwa aliyenenepa, kila kilo 1 anayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Na fimbo ishikwe upande wa mguu mzima, si ule unaouma kama tunavyoona kila siku.

Vidonge vya diklofenaki visitumiwe kiholela, kwani huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha presha; dawa ya kupaka ina hatari ndogo zaidi. Sindano ya goti hutuliza kwa wiki au miezi michache tu, na aliyechomwa karibuni amweleze daktari wa upasuaji, maana huongeza hatari ya maambukizi.

Ikiwa haya yote yamefanyika na bado hulali, au kutembea nyumbani kumekuwa kazi, muone daktari wa mifupa na uombe rufaa, kwa mfano kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Usisubiri hadi goti ligome kunyooka, kwani likishakakamaa, hata upasuaji haulirudishii wepesi wake wote. Tafiti za nje zinaonyesha kwamba takriban magoti bandia 8 kati ya 10 hudumu miaka 25, ingawa mgonjwa 1 kati ya 5 hivi hubaki na maumivu au kutoridhika. Muulize daktari waziwazi kuhusu kusujudu, kuchuchumaa chooni na kulima kwa kuinama, kwa sababu mengi ya hayo huwa magumu baadaye. Mvutaji sigara aache wiki kadhaa kabla, ili kidonda kipone vizuri. Ukirejea kwetu baada ya upasuaji, njoo na barua ya daktari bila kuchelewa, kwa kuwa goti hunyooshwa kwa urahisi zaidi katika wiki za mwanzo.